Kidole Gumba Hakimo Kwenye Utafiti

Wenzangu wa kitengo, mliniomba niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Mmewahi kidogo. Yale ninayotaka kuyasahau bado ninayakumbuka vizuri sana, na mengi ya yale mnayotaka niyakumbuke yameshakwenda zake. Vyeo nitaviruka, maana havikuwa vingi. Mlipoambiwa kuwa ninastaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, mlisimama mkasema ninaondoka bado nina nguvu. Ni kweli nguvu ninazo. Kilichoniondoa ni kitu kingine, na hicho ndicho nitakachowaandikia, ingawa najua mlitegemea ushauri wa namna ya kutunza vifaa.

Siku ya kwanza nilifika hospitali yetu hapa Lushoto nikiwa na shahada mpya ya fiziotherapia, koti jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mpaka likasimama lenyewe, na kipimo cha pembe za viungo kilichochomoza mfukoni ili kila mtu akione. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka kutoka Magamba hadi kwenye madirisha, na wagonjwa barazani walikuwa wamejifunika mablanketi kama magunia ya karoti yanayosubiri gari la Mombo. Nilielekezwa mlango wa mwisho. Ndani nikakuta watu saba wamezunguka sinia kubwa, wanachambua maharage. Nikaomba radhi nikataka kutoka, nikidhani nimeingia jikoni.

"Unatafuta nini, kijana?" akauliza mzee mmoja aliyevaa sweta lililotoboka viwiko.

"Shikamoo mzee. Natafuta kitengo cha fiziotherapia."

"Marahaba. Umeshakipata. Kaa uchambue."

Huyo alikuwa Mzee Kaoneka, msaidizi wa kitengo, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Hakuwa na shahada. Alikuwa na kozi fupi aliyosoma zamani, na tabia moja tu: hakumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Alimwuliza anafanya kazi gani. Fundi cherehani aliyepooza mkono alipewa sindano na kitambaa. Mkulima alipewa jembe akapalilie maua ya mganga mkuu, na maua yale yalipata tabu. Mama wa sokoni alipewa kabichi azipange, azifunge kwenye gunia, azifungue, azipange tena. Asiye na kazi maalumu alichambua maharage ya jikoni, na jikoni walitupenda.

Kabla ya kazi yoyote, Mzee Kaoneka aliushika mkono uliolala akatafuta kidole gumba. Alikikanda kwenye shina lake taratibu, akakizungusha, akakigusanisha na kidole cha shahada, tena na tena.

"Anza na huyu," aliniambia. "Wale wanne wanamfuata yeye."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, nikaandika: hakuna ushahidi. Daftari hilo bado ninalo. Hati yangu ya mkono ilikuwa nzuri sana wakati ule.

Miaka ikaenda. Nilijifunza kazi, na sitajinyima sifa hiyo: mtoto aliyeanguka kwenye mti wa peasi alirudi akitembea mwenyewe, na mzee mmoja wa kule Mlalo aliyekuwa hawezi kufunga kifungo cha shati alikuja siku moja amefunga vyote, kimoja kimoja, akasimama mbele yangu ili nimwone. Mzee Kaoneka alistaafu, kisha akafariki, na mimi nikawa mkuu wa kitengo. Jambo la kwanza nililofanya ni kuondoa sinia la maharage. Nikaleta mipira ya rangi, springi za kubana, na michoro ya misuli ukutani. Chumba kikapendeza. Wageni wakawa wanapiga picha.

Ndipo kikaja kisanduku.

Kililetwa na watafiti wa chuo kikuu kimoja waliokuwa wakitafuta hospitali za milimani. Wengine mliajiriwa baada ya mambo haya, kwa hiyo nieleze. Ni kisanduku cha ukubwa wa redio ndogo, kinachotumia betri. Kina nyaya mbili, na kila waya unaishia kwenye sponji iliyoloweshwa maji ya chumvi. Sponji moja inawekwa juu ya kichwa, upande wa ubongo unaoendesha mkono ulioathirika, nyingine kwenye paji la uso, kisha unafunga kwa mkanda wa mpira. Hakuna sindano, hakuna kupasua. Umeme mdogo sana unapita kwa dakika ishirini huku mgonjwa akifanya mazoezi, naye huhisi kuwashwa tu, kama aliyepitiwa na siafu mmoja.

Wazo lenyewe si la kijinga, na wapo wanaolifanyia kazi kwa uangalifu kuliko mimi. Mtu akijifunza kitu kwa mkono, ubongo unajipanga upya. Umeme ule ukipita wakati anajifunza, huenda ubongo ukashika haraka zaidi au usisahau upesi. Zingatieni hapo: wakati anajifunza. Umeme peke yake haufundishi chochote, kama vile mbolea isivyogeuka karoti. Mimi hilo nilikuwa naweza kulieleza kwenye semina bila kusoma karatasi.

Nusu ya wagonjwa wangepata umeme wa kweli. Nusu wangepata wa uongo: kisanduku kinawaka kwa nusu dakika, mgonjwa anahisi kuwashwa, kisha kinanyamaza na taa yake inaendelea kuwaka. Mimi niliingiza namba ya mgonjwa tu, bila kujua ni ya kundi gani. Orodha ilikuwa kwa watafiti. Hilo nalo ni sawa, na wagonjwa waliambiwa mapema, wakakubali.

Zoezi lenyewe lilifanywa kwenye kibao chenye vitufe vinne na taa nne. Taa ikiwaka, unabonyeza kitufe chake: kidole cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, kwa mpangilio unaojirudia. Kompyuta inahesabu kasi na makosa. Kidole gumba kinakaa pembeni, kimelala juu ya kipande cha godoro.

Mgonjwa wetu wa tatu alikuwa Mama Osmundi. Alikuwa mchumaji wa chai katika shamba moja upande wa pili wa milima, mtu wa Songea, mjane, aliyekuja huku akiwa msichana akabaki. Kiharusi kilimkuta kwenye mstari akiwa na kapu mgongoni. Miguu ilirudi upesi, mdomo ukanyooka, ila mkono wa kulia ulikuwa unafunga na kufungua kwa shida. Shamba lilimpa muda. Mnyapara, yaani msimamizi wa mistari, alimwambia waziwazi: mvua za vuli zikianza arudi kuchuma kama wenzake, au aachie chumba cha kambi kwa mchumaji mwingine. Chumba hicho ndicho alichokuwa nacho duniani, na ndimo mwanawe Osmundi alimorudi kila likizo ya shule.

Siku ya kwanza nilimwambia afumue nywele, kwa kuwa zilikuwa zimesukwa na maji ya chumvi hayafiki kwenye ngozi. Jumatatu akaja amenyoa kipara.

"Mama Osmundi, mimi nilisema ufumue tu."

"Nimeona nisikusumbue, dokta." Mimi si daktari, na nilikuwa nimeacha kuwasahihisha wagonjwa miaka mingi nyuma. "Ila kambini wamenipa pole mpaka nimechoka. Wanauliza nani kafa. Nikawaambia hajafa mtu, nakwenda kutiwa umeme. Wakalia zaidi."

Tulicheka, yeye, mimi, na Rehema, mtaalamu kijana aliyekuwa ametoka chuoni mwaka ule. Rehema mnamjua. Hamjui alichoniambia wiki ya pili.

Utaratibu wa watafiti ulisema wagonjwa waendelee na mazoezi yao ya kawaida ya mkono, ila wasijizoeze kile kibao nje ya chumba. Mimi niliona mazoezi ya kawaida yatachafua matokeo. Mkono ukianza kurudi, nani atajua umerudishwa na nini? Nimeisoma tena sentensi hiyo sasa hivi. Nilikuwa naona kupona kwa mgonjwa kuwa uchafu. Basi, bila kumwuliza mtafiti yeyote, nikaongeza sharti langu. Nilimkalisha Mama Osmundi, nikamwambia mkono ule usifanye chochote nje ya chumba changu. Asimenye, asifue, asisuke, asiguse chai.

"Hata kushika kikombe?"

"Tumia wa kushoto. Mkono huu uache upumzike mpaka nikuruhusu mwenyewe."

"Sawa, dokta. Ukiniruhusu wewe."

Siku za mazoezi alikaa kwenye bweni letu la wagonjwa wanaotoka mbali, na kule wanawake humenya viazi vya jikoni kwa zamu. Alikataa kumenya, wakamwita malkia. Niliposikia nilifurahi. Nilisema huyu mgonjwa ana nidhamu.

Mwisho wa wiki ya pili Rehema alinifuata kwenye ndoo nilipokuwa naosha sponji.

"Shikamoo mwalimu. Nina swali dogo."

"Marahaba. Maswali madogo ndiyo yanayonitia hofu."

"Kuchuma chai wanabana kwa kidole gumba na cha shahada, wanakata. Nimeangalia zoezi letu. Kidole gumba hakifanyi kitu. Na nje ya chumba tumemzuia."

"Kidole gumba hakimo kwenye utafiti, Rehema."

"Najua, mwalimu. Ila kimo kwenye mkono."

Nilimwambia asome utaratibu kabla ya kuzungumza, ingawa sharti alilokuwa akililalamikia halikuwa kwenye utaratibu, na yeye alikuwa ameusoma. Nadhani alijua. Aliinamisha kichwa, akasema, "Samahani, mwalimu," akachukua ndoo akaenda kumwaga maji. Mahali petu mdogo akishakuamkia hawezi tena kukubishia mara tatu. Ameshasema mara mbili, kwa adabu zote, na mara ya tatu ni wewe mkubwa unayepaswa kuisema. Sikuisema.

Wiki sita. Sitaki mseme nilikuwa mzembe: sikuchelewa hata siku moja, nilipima kichwa kwa utepe kila asubuhi ili sponji ikae mahali pake, nikaandika kila kosa la kila kidole. Na Mama Osmundi alikuwa ajabu. Vidole vile vinne, vilivyokuja vimejikunja, vilianza kuruka juu ya vitufe mpaka taa zikawa zinamchelewesha. Kasi iliongezeka, makosa yakapungua, mchoro wangu ukapanda kama barabara ya kutoka Mombo. Siku ya mwisho niliuchapa kwa rangi, nikamwonyesha.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe."

"Mungu ni mwema," akasema, akauliza kama anaweza kubaki na nakala. Nikampa. Nilikuwa na haraka ya kuwapigia simu watafiti. Kitu pekee ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua, kwamba mgonjwa akimaliza unakaa naye umweleze afanye nini nyumbani, sikukifanya.

Siku tatu baadaye mnyapara alikuwa anampima. Nilikwenda. Ningeweza kusema nilikwenda kumtia moyo. Nilikwenda na kamera.

Vuli ilikuwa inaanza, chai inang'aa, wanawake wamefunga mifuko ya plastiki kiunoni kuzuia umande. Walipomwona walipiga vigelegele.

"Mkono wa umeme huo umekuja! Sogeeni, msije mkaungua!"

"Mama Osmundi, leo utatuchumia wote!"

"Ninyi chekeni," akajibu, "mtanikimbilia mniombe betri."

Mnyapara, mtu mzima wa Kigoma mwenye koti la mvua, alimpangia mstari. Hakuwa mkali. Alimwambia aanze taratibu.

Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe, maana haukuwahi kuugua: majani mawili na kichipukizi, tupa kapuni, majani mawili na kichipukizi. Mkono wa kulia ulifika juu ya kichaka na vidole vinne vikaanza kucheza. Vilikuwa vyepesi, vya haraka. Viligonga majani kimoja baada ya kingine, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, kwa mpangilio niliomfundisha mwenyewe. Hakuna jani lililokatika. Kidole gumba kilikuwa kimelala pembeni ya kiganja, kimenyooka, kinasubiri kipande chake cha godoro.

Wanawake waliacha kucheka. Alijaribu tena. Alikisukuma kile kidole kwa mkono wa kushoto, akakibana kwenye jani, akavuta kwa kiwiko, kichaka kizima kikatikisika.

"Ngoja kidogo, bosi," akamwambia mnyapara. "Dokta mwenyewe huyu hapa. Mwulize. Maendeleo yangu ni makubwa sana." Akatoa mfukoni ule mchoro, ameukunja mara nne ndani ya plastiki.

Mnyapara aliukunjua, akautazama kwa heshima, mbele na nyuma. Kisha akanigeukia mimi.

"Dokta, karatasi hii inachuma?"

Nilijibu kitu kuhusu ubongo na muda. Sikumbuki maneno, nakumbuka tu yalikuwa marefu. Mama Osmundi ndiye aliyenitetea. Alisema dokta kafanya kila kitu, alimhudumia kama dada yake, na kama mkono umekataa basi ni mkono wake mwenyewe. Mnyapara akamrudishia karatasi, akasema samahani, mama, juma lijalo kuna mtu anaingia kwenye kile chumba. Nilipanda gari nikarudi Lushoto. Sikupiga picha.

Kesho yake nilimweleza Rehema kilichotokea, kwa maneno machache. Hakusema "nilikuambia." Aliuliza tu kama nimemwelekeza mazoezi ya kidole gumba. Nikamwambia ndiyo. Huo ni uongo, Rehema, na unausoma hapa kwa mara ya kwanza. Wewe ungemfuata siku ileile, na mimi sikutaka uone kile nilichokiona.

Miezi ikapita, orodha ikafunguliwa. Mama Osmundi alikuwa kundi la umeme wa uongo. Wiki sita alikaa na kipara chake na sponji zimemlowesha mabega, na baada ya nusu dakika hapakuwa na kitu. Vidole vile vinne alivifundisha yeye mwenyewe, kwa kurudia na kwa bidii, pasipo mashine. Fikirini angekuwa anarudia nini kama ningempa tawi la chai na kidole gumba chake.

Kwenye ripoti niliandika kwamba mshiriki alikamilisha mazoezi yote. Ni kweli alikamilisha. Sharti langu sikuliandika. Nimelipeleka kwa watafiti mwezi huu kwa barua, na walichonijibu ni haki yao.

Juma moja baada ya sherehe yenu, pale mliponipa saa ya ukutani na mkasema nimeleta sayansi milimani, nilitafuta namba ya simu kwenye faili lake. Ilikuwa ya kaka yake, Songea. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi mambo ya kumwambia, kwa mpangilio, kama mtu anayekwenda semina. Kaka akamwita.

"Dokta! Shikamoo! Jamani, umenikumbuka!"

Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Nilisema marahaba, maana nilikuwa nimeizoea.

"Mkono unaendeleaje, Mama Osmundi?"

"Upo salama. Nimeutunza. Hapa wifi yangu ananisema, ananiita mvivu, anataka nimenye karanga. Nikamwambia dokta hajaniruhusu. Nikajua tu iko siku utapiga." Akapunguza sauti. "Sasa umeniruhusu?"

Ilikuwa imepita miezi tisa. Niliisukuma pembeni karatasi yangu.

"Ndiyo," nikasema. "Anza leo. Kikamate kidole gumba, ukikande kwenye shina lake, kisha ukigusanishe na cha shahada. Halafu umenye karanga. Umenye kila siku."

"Kumbe. Na ningeweza kuanza tangu lini, dokta?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilikuwa na mengine ya kusema, la kisanduku na la sharti, nikaanza kuyasema, lakini hakuwa tena na simu sikioni. Nilisikia imewekwa juu ya kitu kigumu, kisha sauti yake kwa mbali, "Wifi, hebu sogeza huo ungo." Ganda moja likapasuka upesi, hilo lilikuwa la mkono wa kushoto. Kisha karanga zikakwaruza ungoni, tena na tena. Nilishikilia simu kwa mikono miwili, nikasubiri la pili.